Leso ya Bimkubwa: kisa cha fundi wa milango Lamu anayekosa mafumbo na kuyaona mengine

Ntaanza na mlango manake ndio uliozua maneno. Mzee mmoja wa mtaa wa Mkomani aliagiza mlango wa kuchonga kwa ndugu yangu mmoja hapa Lamu, ntamwita Fundi, jina lake tuliache. Mlango wa nakshi kwenye mfaa na kwenye kizingiti cha juu, kazi ya miezi si ya wiki. Miezi ikapita, ikapita na mengine. Siku moja mzee akaja karakanani, akasimama pale na bakora yake, akaamkia, akaulizia mama, akaulizia bahari, kisha akasema polepole, "Mlango wangu naona mti wake bado uko msituni." Fundi akainua kichwa, patasi mkononi, akamjibu, "La mzee, mti uko hapo nyuma, ushakatwa zamani," akainama akaendelea na kitanda cha mtu mwengine. Mzee akangoja kidogo, hakupata kitu, akatoka moja kwa moja mpaka kwa mamake Fundi kumwambia kijana wako siku hizi ana dharau.

Wiki hiyohiyo, Fundi huyohuyo, akaona leso. Jirani wa nyumba ya pili, mama wa makamo ambae mtaa mzima twamwita Bimkubwa, alikuwa avuka tu nyumba ya jirani kwa hivo hakuvaa buibui, kajitanda leso (kanga, kwa nyinyi wa huko) yenye jina "Hasidi hana sababu". Akapita mbele ya baraza ya Fundi. Na Fundi akajua kwamba ile leso imevaliwa yeye. Nasema akajua, si kwamba alishuku. Tangu siku hiyo chakula kikitoka kwa Bimkubwa hakigusi, mahamri yake ambayo amekula tangu utotoni akawa anampa punda.

Sasa niambie, mtu mmoja wiki moja anakosa fumbo ambalo hata mtoto wa madrasa angelinasa, alafu anaona fumbo kwenye leso ya mtu anaepita njia. Mamake aliniuliza hivi hivi, "Haelewi watu au anawaelewa kupita kiasi, mbona mimi sijui nimshike wapi?" Ndo nikakaa kuandika.

Mimi ni nesi wa magonjwa ya akili, nafanya kazi bara, nilikuwa nimekuja likizo. Fundi ni binamu yangu, upande wa mama. Amenipa ruhusa niandike, amesoma hii, akanisahihisha pale nilipokosea jina la mbao nikaamua kulitoa kabisa, na mambo mawili matatu nimeyabadilisha ili asijulikane, ingawa Lamu kujificha ni kazi, vichochoro vyenyewe ukikohoa wa nyumba ya mbele akuitikia afya.

Historia fupi. Alianza kuugua akiwa na miaka 22, sauti, kutolala, kusema watu wa mtaa wasoma anayoyafikiria. Familia ikafanya yanayofanywa, akasomewa, akanywa kombe (maji yalioshewa aya zilizoandikwa), na mimi sina ugomvi na hilo, lilimtuliza usiku fulani fulani. Alafu ikawa boti mpaka Mokowe, barabara, hospitali, na huko wakasema skizofrenia. Sasa ana miaka 29, apigwa sindano kila mwezi, sauti zimetulia kiasi kwamba mwenyewe asema ni kama redio ya nyumba ya tatu, hushughuliki nayo. Miraa aliacha kwa shida lakini aliacha.

Na akili yake nyengine iko sawa kabisa, hapa ndipo watu wanapokwama. Ukimuuliza vipimo vya mlango aliochonga miaka mitatu nyuma atakupa mpaka nusu inchi. Atakaa kwenye ua moja la nakshi saa tatu bila kuinuka. Kwa hivo mtu kama yule mzee ajiambia, kama kichwa chafanya kazi vile, basi hilo la kutonielewa ni kusudi. Lakini kukumbuka vipimo ni jambo moja na kusoma watu ni jambo jengine, yanagusana ila hayaendi pamoja siku zote. Watafiti huita hili la pili utambuzi wa kijamii, yaani kazi yote ambayo kichwa chako chafanya kujua mwenzako ahisi nini, ataka nini, ana nia gani, na neno lile kalisema kwa maana ipi. Mwaka 2011 Anne-Kathrin Fett na wenzake walizikusanya tafiti 52 za watu wenye skizofrenia na magonjwa ya jamii yake, wakaangalia ni kitu gani chaenda na maisha ya mtu huko nje, kazi, marafiki, kujitegemea. Wakakuta huu utambuzi wa kijamii, hasa ule wa kukisia yaliyo moyoni mwa mwengine, waenda na maisha ya mtu zaidi kuliko kumbukumbu na umakini. Nikisoma hivo nawaza ile karakana. Patasi haina shida. Wateja ndo shida.

Tuanze na mti ulio msituni. Chris Frith, mwanasaikolojia wa Uingereza, ndie alieshikilia kwamba dalili nyingi za skizofrenia zatokana na hitilafu katika kukisia nia, ya mwengine na hata yako mwenyewe. Mwaka 1995 yeye na Rhiannon Corcoran na Gavin Mercer wakatoa testi ya vidokezo: visa vifupi kumi, watu wawili waongea, na mwisho mmoja atupa kidokezo, wewe wajibu alikuwa akimaanisha nini hasa. Ukipata mara moja maksi mbili, ukiongezewa kidokezo kengine ndo ukapata, moja, jumla ishirini. Ni rahisi kuifanya, haitaki mashine, na yatumika mpaka leo.

Nilitunga visa vyangu vya kienyeji nikacheza nae barazani kwa mfano wa hiyo testi. Maksi sikumpa, mimi si mtafiti na vile vyangu havijapimwa kwa yeyote, ilikuwa ni mazungumzo tu na kahawa. Alichofanya kilinishangaza. Kisa cha mtoto anaesema "kwa shangazi leo wapika biriani" alikinasa haraka, ataka kupelekwa. Kisa cha mke anaemwambia mume sufuria zimetulia leo, alikinasa pia, akacheka. Lakini kila kisa chenye mteja na fundi, au mkubwa na mdogo, alishika maneno yenyewe na hakutoka hapo. Nikamwongezea kidokezo, bado. Nikafika mahali nikamuuliza, kwani mzee yule alikuwa hajui mti uko wapi? Akanyamaza muda, akasema, "Alikuwa aniona mvivu?" Na uso wake ukabadilika, manake sasa fumbo limeingia na limeingia na sumu yake, wiki tatu baadae.

Hapa nina maneno yangu. Kidokezo cha testi ya Kiingereza ni kidokezo cha Mwingereza, kwetu sisi yale ni kusema wazi. Fumbo la Lamu lina ghorofa. Kuna lile unalotupiwa wewe, kuna lile unalotupiwa wewe ili asikie mwengine, kuna la leso ambalo mwenye kulivaa anaweza kukukana mchana kweupe akasema mimi nilipenda rangi. Ukitafsiri ile testi neno kwa neno ukaileta mtaa wa Langoni utapata maksi, lakini hutajua umepima nini. Na sisi wote ambao si wagonjwa twakosea mafumbo, twakosea kila siku, harusi zimevunjika hivo.

Haya, leso.

Nilienda jikoni kwa Bimkubwa, akaniambia "Ndoo ukae," (njoo ukae) akanipa chai ya tangawizi, tukazungumza bei ya nazi. Nikaitaja leso kwa mbali. Akasema kwa sauti ya mtu asie na neno, "Leso ni leso mwanangu." Nikanywa chai. Kikombe cha pili akainuka akafunga mlango wa uani akaniambia. Ile leso aliinunua kwa kazi maalum. Kuna mama wa nyumba ya mbele ambae punda wake hufungwa usiku karibu na daka (kibaraza cha mlangoni) la Bimkubwa, na asubuhi wajua kinachobaki pale, na kila akisema ajibiwa kijeuri. Basi ile leso alipita nayo njia ile siku tatu mfululizo, kwenda na kurudi, hana safari yoyote.

Kwa hivo Fundi aliona sawa! Kulikuwa na fumbo, lilikuwa na hasira, lilirushwa pale pale kwenye kichochoro chake, na alilihisi akiwa ameketi na shughuli zake. Alichokosea ni anwani. Lingekuja gazeti la maswali na majibu tayari, swali "mwanamke apita na leso, amaanisha nini?" na jibu sahihi "hamaanishi kitu, amevaa tu," Fundi angepigwa kosa na kosa lenyewe lingekuwa la mtunga maswali.

Ndo maana naipenda zaidi testi ya filamu ambayo Isabel Dziobek na wenzake waliichapisha 2006. Waliitengeneza kwanza kwa ajili ya watu wazima wenye Asperger (aina ya usonji) lakini baadae ikatumika sana kwenye skizofrenia. Filamu ya kama dakika 15, watu wanne wakutana kula chakula cha jioni, yasimamishwa simamishwa waulizwa huyu awaza nini saa hii. Na majibu ya makosa yametenganishwa: kuna kosa la kuona zaidi ya kilichopo, kuna la kuona pungufu, na kuna la kutoona nia yoyote kabisa, ukaeleza mambo kama vile watu ni mawe. Testi nyingi zatoa namba moja tu, umepata au umekosa, na kwa namba moja Fundi wa mlango na Fundi wa leso watakuwa mtu yule yule aliekosa mara mbili. Wakati ukimwangalia vizuri, akiwa kazini, katulia, kichwa kwenye mti, aona pungufu. Akiwa barazani hana kazi na hofu iko juu, aona zaidi. Dawa ya moja si dawa ya nyengine, ukimfundisha "tafuta maana iliyojificha" utamsaidia kwa mzee na utamharibu kwa Bimkubwa.

Kuna mambo mengine mawili kwenye ile leso. Moja ni haraka. Kuna jaribio la shanga, la Huq, Garety na Hemsley, 1988: mitungi miwili, mmoja una shanga 85 za rangi moja na 15 za nyengine, wa pili kinyume chake, watolewa shanga moja moja na wewe wasema lini umejua ni mtungi upi. Watu wengi wenye imani za shuku huamua mapema, shanga moja au mbili basi, wasio na imani hizo huvuta zaidi. Fundi kwa ile leso alitumia shanga moja. Nilipomuuliza kama alimuona Bimkubwa amevaa leso ile tena siku ya pili alisema ndio, na siku ya tatu, lakini hakuzihesabu kama habari mpya, zilikuwa uthibitisho tu.

Jengine ni uso. Nikamuuliza Bimkubwa alikuwa na uso gani. "Amenuna." Sasa jamani, sote twamjua Bimkubwa, uso wake ndio ule, akiwa na furaha amenuna na akilala amenuna. Amy Pinkham na wenzake mwaka 2011 walionyesha kwamba wagonjwa wenye shuku kali wakati ule huipa hasira sura ambayo haina kitu chochote. Na kwa ujumla furaha huwa rahisi kutambuliwa, hofu na hasira na huzuni ndo hupotea. Ila hapa pia tuwe waangalifu na testi zenyewe, ile maarufu ya Simon Baron-Cohen ya mwaka 2001, jozi 36 za macho tu, wasema mwenye macho ahisi nini, macho yenyewe ni ya wazungu. Ukiniuliza mimi, mji ambao nusu ya watu wapita na ninja (nikabu) na wajuana kwa macho ungepaswa kutengeneza testi yake wenyewe tukawauzia hao.

Alafu kuna upande ambao watu hawaukumbuki, na huu uniuma zaidi. Wote tumekaa kumuuliza Fundi kwa nini hawasomi watu, hakuna alieuliza watu wamsomaje Fundi. Uso wake umekauka. Sehemu ni ugonjwa, sehemu ni sindano, hizi dawa za zamani zaweza kukaza misuli mpaka uso ukawa kama barakoa. Mzee alipoangalia ule uso akaona dharau. Nae huyo mzee ni mzima! Punda wa baba yake mdogo alipokufa, punda ambae Fundi mwenyewe ndie aliemlea, Fundi alimaliza kazi, akala, akaswali, hakusema neno, na mamake akanilia, "Mwanangu moyo wake umekufa." Nilipokuwa nae peke yake akaniambia hakulala siku tatu. Ann Kring na John Neale waliliona hili 1996, waliwaonyesha watu vipande vya filamu, wenye skizofrenia wakaonyesha kidogo sana usoni lakini walivyoeleza wanahisi ni sawa na wengine. Nilimweleza mamake hivyo, kwa maneno yetu, akakaa kimya akasema basi amlilie nani sasa, mimi nilikuwa namgombeza. Kuhusu kukaza misuli nilimwambia Fundi alitaje kliniki, asiache sindano, aseme tu, manake hakuwahi kusema, alidhani uso mgumu ni wake.

Tulifanya nini? Kuna mafunzo ya kikundi ambayo David Penn, David Roberts na Dennis Combs waliyatengeneza Marekani, yaenda miezi, na kitu nilichokiiba huko ni kutenganisha nilichoona na nilichokisia, kisha kwenda kuuliza. Nilimpa Fundi ubao wa mabaki, upande mmoja achore kwa penseli "nimeona", upande wa pili "nimedhani". Upande wa kuona akaandika: leso, imepita, mara tatu. Upande wa kudhani ukajaa mpaka pembeni. Akaangalia akasema ubao umelalia upande mmoja.

Nikafikiri tumeshamaliza, na hapo nikakosea. Nilimwomba Bimkubwa aje amwambie mwenyewe. Akaja, mama wa watu, akasema, "Leso ile si yako mwanangu, mwenyewe yuko ng'ambo ya ndia." Fundi akaitikia vizuri, akashukuru, alipoondoka akanigeukia, "Kama si yangu, kwa nini aje mpaka hapa kunambia?" Ningepaswa kujua. Maelezo ya kutuliza nayo ni shanga, na yaweza kuangukia mtungi wowote.

Kilichomsogeza alikipata mwenyewe. Yeye ni mtu wa kuangalia, si ndo kazi yake. Siku kama kumi baadae akanipigia simu, nishakata tiketi ya kurudi, akasema kila Bimkubwa akipita na ile leso dirisha la juu la nyumba ya mbele lafungwa kwa kishindo, na akipita na leso nyengine halifungwi. Amehesabu mara nne. Hakusema "kwa hivo haikuwa yangu", alisema "huyo wa juu nae yaonekana aisoma". Mimi nikanyamaza nisiharibu. Ijumaa yake, mamake asema, alikula mahamri.

Si kwamba yamekwisha. Sasa ana tabia ya kuuliza na amekuwa hana breki nayo, mtu akimwambia "umepotea sana" auliza hiyo ni salamu au ni lawama, harusini alimuuliza mshairi. Mamake amechoka. Mimi nimemwambia tumpe muda, kujua wakati wa kuuliza nako ni kusoma watu, kutachelewa.

Mzee wa mlango nilimwendea na kumwomba anyooshe maneno. Alikataa kwa adabu, kumwambia mzee wa Mkomani aseme waziwazi ni kama kumvua kofia sokoni. Lakini juzi alipita tena. Mlango ulikuwa umesimamishwa ukutani, mfaa umekwisha, umebaki upande mmoja. Akautazama, akasema, "Mashallah, huu wajukuu zangu watauona." Fundi akaweka patasi chini. "Mzee, hilo ni fumbo?" Mzee akasema ndio ni fumbo. "Lasema nini?" Ikabidi mzee aeleze kwamba asema utachelewa mpaka yeye awe ameshakufa, na akieleza akaanza kucheka katikati, manake fumbo ukilifafanua mwenyewe halina ladha. Fundi akamwambia mwezi ujao, tarehe kumi.